Shamba la Suke Moja

Mjukuu wangu Neema,

Nina miaka themanini na mitatu, na nimewazika wakulima wakubwa wote wa ngano wa huku Mbulumbulu, pamoja na matrekta yao. Bibi yako hajambo. Ng'ombe kazaa jike.

Umeuliza kama nitapanda ngano yako, hiyo mnayoiotesha huko maabara kwenye chupa kwa chavua peke yake, bila mama, kisha mnaitia dawa ndipo izae. Mimi niliiona kabla hujazaliwa. Wataalamu waliipanda jirani na kwetu, nikawaambia nitawachagulia masuke ya mbegu, maana Karatu nzima hakuna jicho kama langu. Wakacheka, wakaniruhusu.

Nikaingia na jirani yetu Tluway. Sisi hukata suke lililoyazidi mengine. Nikatembea wee, sikuliona. Urefu mmoja, unene mmoja. Upepo ukija yanainama yote pamoja, yanainuka pamoja. Nikahisi ni suke moja tu, linanifuata.

Tluway akasema, "Bwana wee, haya yanatutazama."

"Nyamaza! Ngano ina macho?" Lakini kisu sikukitoa.

Basi lete mbegu yako, nitaipanda. Ila nusu ya shamba itabaki ngano yangu ya zamani, yenye masuke marefu na mafupi. Ule ugonjwa wa kutu unaoua ngano ukilijua suke lako moja, umeyajua yote.

Ukiona babu anakutisha tu, muulize Tluway. Yuko hai, na ndiye aliyetangulia kukimbia.