Taipureta ya Mama haina moja

Muthoni, haina moja! Tumetoka kumzika Mama saa hii, nikafungua taipureta yake ya zamani, na haina kitufe cha moja!

Kumbe walikuwa wanapiga L ndogo. Kwa karatasi zinafanana kabisa.

Sasa ile 1987, ushirika wa wakulima kule Soy, alikokuwa mpiga chapa, ulipoleta kompyuta, Mama akapiga vile vidole vyake vilizoea. Kompyuta ikaona herufi badala ya namba, hesabu zote zikakataa.

Bosi akasimama mbele ya watu: "Nanzala, unahujumu serikali!" Miaka hiyo, Muthoni! Neno kama hilo lilikuwa la kukupeleka jela! Akafutwa hapo hapo, na majirani wakaogopa kumsalimia.

Hata juzi hospitalini aliniuliza, "Lakini nilikosea wapi?"

Haina moja, Muthoni. Sasa nitamwambia nani?