Mama Anaishi Hapa au Anakaa Tu?

Jumapili, Kihesa. Upepo unapiga mabati tangu asubuhi. Nimekasirika mpaka nimetulia.

Nimetoka Mbeya kuja kumsalimia mama. Mwaka jana kaka Festo alimfuata kijijini Nyololo akamwambia, mama, umri umeenda, njoo tuishi wote. Mama akagawa kuku wake kwa majirani, akafunga nyumba, akaja.

Leo mchana wamekuja wageni, walimu wenzake na wifi Anjela, mke wa kaka. Wifi anafundisha Kiingereza shule ya binafsi, na kwake Kiswahili ni cha kumtuma mtu sokoni. Kaka akamtambulisha mama: "My mother. She lives with us."

Wifi akacheka kidogo, akamrekebisha mbele ya watu. "She's staying with us."

Kwa Kiswahili kuishi tunalo, ila midomoni mwetu ni kukaa tu. Mama anakaa Kihesa, mgeni anakaa siku mbili, kote ni kukaa. Wenye lugha yao wametenganisha. Live ni pale yalipo maisha yako. Stay ni pale ulipofikia, na watu wanajua utaondoka. Wengi tunayachanganya, hata mimi huwauliza watu where do you stay. Lakini mwalimu wa Kiingereza hachanganyi.

Alichagua.

Kumdharau wifi ni rahisi, nimeshazoea. Anapima watu kwa matamshi, na mpaka leo hajui kwamba mkwe wake hanywi chai yenye sukari.

Ila kaka. Kaka aliitikia kwa kichwa, akasema, "Yes, staying." Kama mwanafunzi aliyekosea ubaoni.

Mama hajui Kiingereza, lakini sura za watu anazisoma. Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniuliza wifi amemrekebisha nini mwanawe. Nikafikiria kumdanganya. Nikamweleza.

Akasuuza sufuria, akaipindua ikauke. Wageni walipoondoka akaenda sebuleni, akawaambia taratibu, "Kesho narudi Nyololo. Nyumba yangu ipo."

Wifi akasema atamfungia maandazi ya njiani. Kaka akauliza tutapanda basi la saa ngapi.

Hakuuliza kwa nini.

Kesho nitampeleka mama, nitafagia nyumba iliyolala mwaka mzima, nitamwashia moto. Hayo nayaweza. Lakini huyu kaka yangu, niliyenyonya naye ziwa moja, nitampaje tena shikamoo?