Chumvi Iliyoushinda Moto Wangu

Mjukuu wangu Neema,

Bwana akulinde huko shuleni Mbarara. Hapa kambini Nakivale tuko wazima. Bibi yako amevuna maharage mingi, na barua yako amenisomesha mara tatu.

Unauliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kugusa kemia. Yupo.

Nilikuwa kijana, nachunga ng'ombe kule kwetu milimani. Siku moja baba alinituma niwatengenezee ng'ombe maji ya chumvi. Mto ulikuwa mbali, nami nilikuwa mvivu. Nikawaza: siagi inayeyuka motoni, kwa nini chumvi isiyeyuke? Nikatia mabonge ya chumvi katika sufuria kavu, nikachochea kuni mpaka saa sita. Yalipasuka na kurukaruka, lakini sikupata hata tone. Ng'ombe walisimama wakinitazama.

Baba alipofika alicheka. "Mutoto, chumvi haiogopi moto. Lete maji." Nikaleta, na chumvi ikapotea ndani yake. Nilimuuliza sababu, hakujua. Tulipokimbia vita kule kwetu tuliacha vitu mingi njiani, lakini swali hilo nilikuja nalo.

Sasa umeniandikia kwamba ndani ya chumvi sodiamu hutoa elektroni yake, klorini huipokea, kisha zinashikana hata moto wa kuni hauwezi kuziachanisha. Maji ndiyo huingia katikati na kuzitenganisha mojamoja. Nimewasomea majirani wote, kwa sauti kubwa.

Wakikuuliza nani wa kwanza kwetu kufanya kemia, sema ni babu. Wa kwanza kuielewa ni wewe.

Babu yako,
Yeremia