Nilisema Umeridhia

Kijijini, Mhunze,
Shinyanga.
19 Juni 1988

Mpendwa mwanangu Theonest,

Shikamoo uliyompa dada yako Paskalia imenifikia. Marahaba, mwanangu. Habari za Geita? Zipora na watoto hawajambo? Tulisikia mvua za huko zilikuwa kubwa, tukawa na wasiwasi juu yako na wenzako mnaoshuka ardhini.

Mimi sijambo kwa kusema tu. Kifua kimenibana tangu masika, chakula changu ni uji, na nje natoka kwa kushikwa mkono. Padri ameshanipaka mafuta ya wagonjwa. Sikuandikii haya ili ulie. Nataka ujue kwa nini barua hii haiwezi kungoja.

Pamba mwaka huu si mbaya. Mtama ndio umeliwa na ndege.

Paskalia alinieleza ombi lako, kwamba tukate magogo katika ngitili yetu, malisho yetu ya akiba yenye miti, yawe matimba ya kuegemeza kuta za duara lenu, shimo lenu la dhahabu, zisiwaangukie huko chini. Najua si tamaa. Tena ngitili ile ni yako. Baba yako Masele, marehemu mdogo wangu, ndiye aliyeitunza, akaiacha kwako, na mimi ni mwangalizi tu. Hata hivyo magogo sitatuma, na sababu yake ni mbaya kuliko unavyodhani.

Mwezi uliopita mtaalamu wa misitu alikuja kutoka mkoani. Serikali sasa inataka vijiji virudishe ngitili, malisho yafungwe wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, kama walivyofanya wazee wetu. Unakumbuka tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974. Makazi yetu ya zamani yalibaki matupu, miti ikaisha, na leo wanawake wanapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe. Iliyosalia upande huu ni ngitili yetu, kwa ukaidi wa baba yako. Kijiji kikaomba iwe ya wote.

Yule mtaalamu alisema ataandika miti na malisho, lakini makaburi yaliyomo si kazi ya ofisi yake. Shangazi yako Limi akamwuliza, "Basi, baba, mgunga ulioota juu ya kaburi la mama yangu utaupasua katikati, ofisi mbili zigawane?" Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha akayaandika makaburi pamoja na miti, na chimbuko la maji, na mahali pa kuchimba dawa.

Ndipo mwenyekiti aliponigeukia. "Mzee Nkwabi, mwenye ngitili yuko Geita. Anasemaje?"

Unajua desturi yetu. Ngitili ya mtu haitolewi mpaka mwenyewe asimame mpakani na kutamka mbele ya majirani. Ombi lako nilikuwa nimeshalisikia. Nikasema, "Ameridhia. Ameniagiza nimsemee."

Wakanipigia makofi, mimi niliyewachapa watoto wao darasani kwa kusema uongo. Nilijua ungekataa, na sikuwa na muda wa kukubembeleza. Nimeungama kwa padri, lakini padri hana ngitili. Niliyemkosea ni wewe.

Baada ya mavuno watapanda mkonge kuzunguka mpaka, na ukishapandwa hakuna atakayekuuliza tena. Njoo kabla ya hapo. Ukikataa, nitabebwa hadi mpakani nikiri mbele ya wote, nawe utakata miti yako, sitanung'unika. Ukiridhia, tamka mwenyewe, kesho watu wasije wakagombana juu ya makaburi ya wazee wetu kwa sababu ya neno langu.

Kuhusu duara, nimemwambia Paskalia auze ng'ombe wangu wa plau ili ununue mbao Mwanza. Hao ni wangu, na utawapata hata ukikataa. Msishuke tena kabla ya kuziweka.

Shangazi Limi anakusalimu, anasema umemsahau. Msalimie sana Zipora, uwabusu wajukuu zangu. Mungu awashike mkono mnaposhuka na mnapopanda.

Nilitamani kuzikwa mle ngitilini, kando ya baba yako. Nimewaambia vijana wasichimbe kaburi langu mahali popote mpaka wasikie neno lako.

Ni mimi baba yako mkubwa, ambaye hata katika kukukosea sikuacha kukupenda,

Nkwabi