Vifungio Nilivyovizika Mwenyewe Chini ya Kava

“Nimewapakata watoto kumi na mmoja wa ukoo huu kutoka leba mpaka nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyenidondoka.”

Hayo ni maneno ya dada yangu Paulina, jana jioni, kwenye simu. Ni kweli tupu, na hayathibitishi chochote. Mtu aliyevuka barabara kuu amefumba macho akafika salama naye anaweza kusema hivyo hivyo. Waliopona ndio wanaosimulia. Wasiopona hawapigi simu jioni kubishana na wadogo zao.

Niandike siku kwanza, maana nimeanza kwa ukali na leo kwa kweli sina ukali. Ni Jumamosi, saa kumi na moja jioni, hapa Goba. Mvua ilinyesha alfajiri, tope limejaa kwenye miteremko yote, na sasa jua limetoka kidogo kana kwamba linaomba radhi. Nimekaa barazani na kompyuta mapajani. Ndani kuna mtoto wa siku mbili ambaye bado hana jina.

Mimi ni bibi.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Basi ibaki.

Neema, binti yangu, alijifungua Alhamisi. Leo saa nane mchana ndiyo alikuwa aruhusiwe. Mumewe yuko Mbeya kikazi, anafika kesho, lakini kabla ya kuondoka alinunua kiti cha mtoto cha garini, kile kidogo ambacho mtoto mchanga hulazwa akitazama nyuma, akaniachia boksi lake sebuleni. Na Neema, ambaye amerithi ulimi wangu, alinipigia saa moja asubuhi akiwa wodini. Alisema kiti kisipofungwa kwenye gari langu hatoki, hata wakimfukuza.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza. La pili lilikuwa gumu zaidi.

Kwetu, mtoto akitoka hospitali hupakatwa na dada mkubwa wa familia. Si mama yake, kwa sababu mama amechoka. Si bibi, kwa sababu bibi ana mambo ya jikoni. Ni dada mkubwa. Huvaa kitenge kipya, hukaa siti ya nyuma, humpakata mtoto njia nzima bila kuongea sana, na mtoto akishushwa getini hupokewa kutoka mikononi mwake. Mama yetu alipofariki, Paulina alikuwa na miaka kumi na tisa, akaichukua kazi hiyo, na tangu hapo hakuna mtoto wa ukoo aliyeingia nyumbani kwa mikono mingine. Anauza supu Vingunguti karibu na machinjio, hafungi biashara hata akiumwa. Leo alifunga. Kumwambia kwamba mtoto wa kumi na mbili atakaa kwenye plastiki ni kumwambia kwamba zamu yake imekwisha.

Nilijua hivyo. Bado nilimwambia, na nilimwambia vibaya. Nilimwambia kama ninavyowaandikia nyie wasomaji wangu hapa.

Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu. Nikamjibu kwamba simu anayoniambia hayo haikufinyangwa Vingunguti. Akasema mikono ya mtu mzima ina nguvu kuliko mkanda. Nikamwambia mtoto wa kilo tatu, gari likisimama ghafla, hana kilo tatu tena, ni mzigo ambao mkono wa mtu hauwezi kuuzuia, awe muuza supu au mbeba magunia. Akakata simu. Nikajiona nimeshinda.

Asubuhi nikapeleka gari gereji kwa Fundi Sefu, pale chini ya kilima. Sefu ni mtu wa makamo kama mimi, ametengeneza gari langu miaka yote niliyokuwa nalo, na huniita Mwalimu ingawa chaki nimeiacha miaka mitatu sasa. Nilikwenda kwa sababu moja. Gari langu halikuwa na vifungio vya mikanda ya nyuma. Mikanda yenyewe ipo, inaning'inia pembeni na ndimi zake za chuma, ila pa kuchomekea hapakuwapo. Wasomaji wangu wa zamani mnalijua jambo hili. Niliwahi kuandika makala nzima hapa kuwashutumu waagizaji wa magari yaliyotumika, kwamba wanang'oa vifungio na kuviuza kama spea. Niliwaita wezi wa uhai wa watu. Mlinipongeza sana.

Sefu alikitazama kiti, akakigeuza, akakipigapiga kama tikiti maji.

“Hiki kidogo sana, Mwalimu. Lete ule mpira wa kufungia mizigo. Nikikaza mie, hata trekta halikitoi.”

“Mpira unavutika, Sefu.”

“Ndo uzuri wake. Unavutika halafu unarudi.”

“Na mtoto akivutika naye atarudi?”

Akakigeuza kiti tena. Halafu akasema basi tukifunge siti ya mbele, mkanda wa mbele ni mzima. Nikamwonyesha picha kwenye karatasi ya maelekezo, mtoto mbele ya mfuko wa hewa, na alama kubwa nyekundu ya kukataza. Ule mfuko ukilipuka humkuta mtoto mchanga kichwani. Akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

“Sawa. Vifungio vya nyuma viko wapi?”

“Havipo. Gari lilikuja hivyo.”

“Nani kakwambia?”

Nikaanza kumweleza habari ya waagizaji. Sefu hakunisikiliza. Alikuwa ameshapiga goti siti ya nyuma, anapapasa kava langu kwa vidole kama daktari anayetafuta uvimbe. Ni kava zuri, la ngozi ya bandia, rangi ya kahawia, limeshonwa likabana hadi halina mkunjo. Nilishonesha miaka sita iliyopita, wiki moja baada ya kununua gari.

“Mwalimu,” akasema, “kuna kitu huku chini.”

Akaomba wembe, akachana mshono wa katikati kwa sentimita kama ishirini, akaingiza mkono. Kwanza vikatoka mchanga na maganda ya karanga. Kikafuata kipande cha chaki. Kisha Sefu akavuta, na kifungio cha kwanza kikachomoza, cheusi, kina kitufe chekundu, kizima kabisa. Baada yake cha pili. Baada yake cha tatu.

Vilikuwa vimelala humo miaka sita.

Na hapo nikakumbuka, na ninaandika hili kwa sababu shajara isiyo na aibu ni tangazo la biashara. Fundi wa kava aliniuliza. Alisimama mlangoni mwa duka lake na mkasi mkononi, akaniuliza kama atoboe matundu ya vifungio au avilaze chini. Nikamwambia avilaze. Nilisema sitaki vitu vinavyochomoza, vinawachoma watu mgongoni. Nikalipa, nikafurahia siti yangu nyororo, nikasahau. Mwaka mmoja baadaye nikatafuta vifungio, nikavikosa, nikaandika makala kuwaita watu wengine wezi.

Sefu alikaa chini kwenye tairi akacheka taratibu, cheko la mtu anayejua kwamba atasimulia jambo hili muda mrefu.

“Kwa hiyo wezi tumewapata.”

“Tumewapata.”

“Utaandika tena?”

Nikamwambia nitaandika. Ndiyo hii. Waagizaji wa magari, nawaomba radhi kwa hili moja. Kwa mengine tutaonana.

Kifungio cha upande wa kushoto kilijaa mchanga, kikawa hakishiki. Sefu alikipiga upepo wa kompresa, akakisugua kwa brashi, akakipiga upepo tena. Alipouchomeka ulimi wa mkanda, ukalia *kaa*. Sauti ndogo. Sikumbuki lini nilifurahia sauti kama ile. Kisha tukakifunga kiti kama picha zinavyoelekeza, uso wa mtoto kuelekea nyuma ya gari, mkanda ukapita kwenye njia zake, Sefu akakandamiza kiti kwa goti lake na mie nikavuta mkanda mpaka viganja vikauma. Tukakitikisa. Gari zima lilitikisika, kiti hakikuhama.

“Mie wangu mdogo namkalishaga hapa,” Sefu akasema, akipiga paja lake, “nikiwa naendesha. Anashika usukani. Anafurahi huyo.”

Nilikuwa na aya tatu tayari mdomoni. Nikazimeza zote. Mtu aliyetoka kufukuliwa vifungio vyake mwenyewe hana mimbari. Nikasema tu, “Nyuma, Sefu.” Akasema, “Tutaona, Mwalimu.” Lakini alichukua ile karatasi ya picha akaipiga picha kwa simu yake.

Nilifika hospitali saa nane kasoro. Paulina alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi, kitenge kipya, kilemba kimesimama, mikono ameikunja.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba. Umekuja na lile beseni lako?”

“Nimekuja nalo.”

“Haya. Mtoto kapata beseni lenye kamba, mimi nimepata ruhusa ya kurudi kwenye supu yangu.”

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa na hoja. Nilikuwa nazo, nimezipanga tangu usiku. Badala yake nikakaa kwenye benchi nikamweleza habari ya kava, yote, mpaka kipande cha chaki. Paulina alisikiliza macho yameelekea ukutani. Halafu akanigeukia.

“Ngoja. Kwa hiyo mie unayenibebaga nyuma kila Jumapili, miaka sita, nilikuwa sina mkanda kwa sababu yako?”

“Kwa sababu yangu.”

“Na jana ukanihubiria kwenye simu nusu saa.”

“Nusu saa.”

Akacheka mpaka muuguzi akachungulia. Kilemba kililegea. Alipomaliza akafuta macho kwa pindo la kitenge, akasimama, akatoa masharti kama mtu anayeuza ng'ombe. Mtoto atamtoa wodini yeye. Kwenye kiti atamweka yeye. Mkanda wa mtoto atafunga yeye, mimi nimwonyeshe tu bila kugusa. Getini atamtoa yeye. Na njiani atakaa naye nyuma.

“Wewe kazi yako usukani,” akasema. “Na mie nifunge mkanda wangu leo. Unanidai miaka sita.”

Sikubadilisha hata neno moja. Niliona haya kwamba sikuwaza hivyo mwenyewe, mimi msomaji wa vitabu. Nilidhani kuna mikono au kiti. Hakuna anayemnyima dada mkubwa mlango wa wodi. Hakuna anayemnyima geti.

Alimlaza mtoto kwa mikono ile ile iliyozoea sufuria za moto, akapitisha vijimkanda mabegani, akachomeka, akaingiza kidole kimoja kati ya mkanda na kifua kama nilivyomwelekeza, akaguna. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Neema alikaa mbele, kauegemeza mkono dirishani, amefumba macho, anatabasamu kwa uchovu.

Kule Goba, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kwetu, bodaboda ilitoka kichochoroni bila kutazama. Nilikuwa polepole, tope lilikuwa bado linateleza. Nikakanyaga breki. Gari likasimama, Neema akasema “Mama,” bodaboda ikapita zake. Halikuwa tukio. Jambo kama hilo hutokea kila siku hapa, hakuna anayelikumbuka akifika nyumbani.

Nilitazama kwenye kioo. Mtoto hakuamka. Kiti kilikuwa pale pale. Paulina alikuwa ameshikwa na mkanda kifuani, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imefika nyuma ya siti ya Neema, imenyooka, vidole wazi, kama vya mtu aliyeponyokwa na kitu.

Akairudisha mapajani. Akaitazama.

Tukafika getini, nikazima gari. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, si kwangu hasa, “Ilienda yenyewe. Sikuiambia iende.”

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa sahihi mbele ya dada yangu na sikuona haja ya kusema.

Kisha akajifungua mkanda, akamfungua mtoto, akashuka naye taratibu, akaingia naye ndani akiwa amempakata, kilemba kimesimama tena. Wa kumi na mbili. Sasa hivi yuko jikoni ananiambia mtori wangu ni mzito kama udongo. Mtoto amelala. Nimeshiba, nimeridhika, na nina deni moja tu la kulipa kwa maandishi.

Kwa hiyo nyie mafundi mnaoshona kava za viti, kuanzia Boko mpaka Mbagala: mteja akiwaambia mlaze vifungio chini, kataeni. Toboeni matundu hata akinuna. Mimi ningenuna, kisha ningepoa.

Nyie wenye magari, kesho asubuhi kabla ya ibada, ingizeni mkono kwenye siti ya nyuma. Mkikosa vifungio, msimwite mtu mwizi. Tafuteni wembe.

Na nyie akina dada wakubwa, shangazi na bibi mnaongoja nje ya wodi na vitenge vipya: mpokeeni mtoto, mpakateni mpaka mlango wa gari. Hapo mlazeni kwenye kiti chake, mfungeni kwa mikono yenu wenyewe, kaeni pembeni yake, na mfunge mkanda wenu.