Wembe kwenye Sauti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimesafisha vichwa vya mashine ya kunasa sauti kwa spiriti, kama kila asubuhi. Wandera amepiga wimbo uleule mara kumi na moja. Mara ya nne lori la Malaba likapiga honi. Mara ya saba jogoo. Gita lake tamu, siwezi kukana. Kuimba nako anajua, ila peke yake anachosha. Nikamwambia nitachukua mwanzo wa mara ya pili na mwisho wa mara ya tisa, nikate tepu kwa wembe, niunge. Akacheka mbele ya watu dukani. "Fundi, wewe hata kamba moja huwezi piga. Ndio maana unapenda wembe." Wakacheka naye wote. Namchukia.

Mzee Makokha, mwenye duka na mashine, anataka mwanamke wa kumjibu Wandera kwenye wimbo. Nimtafute mimi.

Jumatano, 6 Machi
Amekuja Mama Nabwire kutoka Bukhayo, kurekodi nyimbo za kanisa. Sauti safi. Ndiye huyu.

Tatizo ni moja. Nabwire, bintiye, ameolewa na Wandera. Kwetu mama na mkwewe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, seuze kuimbiana mapenzi. Leo aliuliza kwanza kama Wandera yuko karibu, ndipo akavuka kizingiti.

Baada ya nyimbo za kanisa nikamwomba kitu cha nyumbani. Akaimba wimbo wa kumwita mjukuu mvua ikija: "Ingia ndani usilowe, nimekuwekea pa kulala." Nilimvalisha hedifoni masikioni, nikamwekea gita la Wandera kutoka kwenye tepu aende nalo. "Nani huyu anapiga?" Nikasema kijana fulani wa Tororo. Akaimba akitabasamu.

Jumamosi, 9 Machi
Wembe siku nzima. Katika wimbo wake Wandera anabisha hodi kwa mpenzi wake: "Nimefika, nani atanifungulia?" Nikakata hapo. Nikaunga mama mkwe wake: ingia ndani usilowe, nimekuwekea pa kulala. Kiungo hakisikiki kabisa. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi.

Ningeweza kutafuta sauti nyingine. Hapa Busia hakukosi waimbaji. Sikutaka. Nataka Wandera aisikie mahali penye watu. Mama mwenyewe sikumfikiria.

Jumanne, 12 Machi
Makokha amepeleka tepu Nairobi ikachapwe santuri. Kwenye jalada ataandikisha: Wameimba pamoja, chumba kimoja, bila kukatwa. Anasema wateja siku hizi wanataka muziki wa kweli.

Jumamosi, 4 Mei
Santuri zimefika. Spika nje, duka pomoni. Wandera na rafiki zake wamekuja kutoka Malaba, amevaa tai. Gita likaanza, akawa anatikisa kichwa. Akasikia sauti yake ikibisha. Kisha ikaja ile nyingine.

Mwuza dagaa mmoja akasema kwa nguvu, "Huyu si Mama Nabwire?" Hakuna aliyecheka. Wandera akaondoka, kofia akaiacha kaunta. Nilidhani nitafurahi sana. Nilifurahi kidogo.

Jumatano, 8 Mei
Nabwire ameacha mume. Kwa mama yake pia hataki kwenda. Yuko kwa shangazi yake Marachi na watoto wawili. Kwaya imemtoa Mama Nabwire. Mji mzima una msemo mmoja: mtu hudanganya, santuri haidanganyi. Zinauzwa kama mandazi.

Ijumaa, 10 Mei
Wazee wameniita. Wandera alikuwa ndani, kwa hiyo mama mkwe wake akakalishwa nje, mgongo ukutani. Asubuhi Makokha alikuwa ameshanionya: "Ukisema umekata, santuri zote zinarudi, na wewe unarudi kwenu."

Mzee wa kwanza akauliza: "Fundi, sema tu. Hawa walikuwa pamoja?"

Nikasema mimi hunasa kinachoimbwa.

Wandera akaruka. "Huyu anakata sauti na wembe! Mimi nimemwona!" Wazee wakasomewa jalada. Mmoja akamuuliza, sauti ikikatwa inatoa damu? Wakacheka sana. Mimi pia nilicheka. Nilisikia mama akikohoa huko nje.

Jumapili, 12 Mei
Mama Nabwire alikuja baada ya kanisa. Kuketi alikataa. "Mwanangu, si wewe unajua kukata? Basi nitoe." Nikamweleza kwamba santuri ikishachapwa haikatiki tena. Akaniomba nibebe mashine na wembe, niwaonyeshe wazee jinsi inavyofanyika. Nikasema nitafikiri. Akanishukuru.

Jumanne, 14 Mei
Nimeamua kwenda keshokutwa. Nitanasa sauti za wazee wenyewe, nizikate na kuziunga mbele yao. Makokha anifukuze akitaka.

Alhamisi, 16 Mei
Nilifunga mashine kwenye baiskeli. Nikaifungua. Nikaifunga tena. Nitakwenda Jumamosi.

Ijumaa, 17 Mei
Haina haja tena. Jana Mama Nabwire alikiri. Amewaambia wazee ndiyo, walikaa chumba kimoja, na maneno yale aliyaimba akijua anamwimbia nani. Bila mtu kukiri hakuna kutakaswa, na bila kutakaswa bintiye hawezi kurudi kwa mumewe. Mbuzi wa kutakasa amemtoa yeye mwenyewe. Nabwire amerudi Malaba na watoto.

Inasemekana aliwangojesha wazee mpaka jua likazidi, akiangalia barabara ya Busia.

Niliposikia kwamba amekiri, nilishusha pumzi. Nilifurahi kwamba sitaulizwa tena. Mimi ni mtu mbaya.

Jumamosi, 25 Mei
Makokha anataka santuri ya pili. Amenituma Bukhayo nikamwombe Mama Nabwire aimbe tena. Nilimkuta shambani na wanawake watatu, wakipalilia wimbi. Wale watatu walikuwa wanaimba, jembe kwa jembe. Yeye alikuwa analima tu. Nilisimama kidogo kwenye mpaka wa shamba, kisha nikapanda baiskeli.