Kunde za Wawira Zimesimama Kiambere

Wawira, dadangu,

Nakuandikia nikiwa kwenu Kiambere, nimekaa kwenye kile kiti cha mbao nje ya jikoni. Mama yako ameenda kuchota maji, nimebaki na kuku. Tangu tukuzike sijakaa chini nikakusemesha. Nilikuwa na habari nusu, na wewe hukupenda habari nusu. Sasa ninayo nzima.

Watu huniuliza tulijuana vipi. Nawaambia tulipewa chumba kimoja kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Embu, wanafunzi wawili wa uzamifu: mimi Mmeru wa Mikinduri na viazi vyangu vya Timau, wewe Mmbeere na kunde zako. Wiki ya kwanza tuligombania dirisha. Mimi nalitaka wazi, wewe unalala na sweta na soksi. Wiki ya pili tulikuwa tunakula sufuria moja.

Niliwahi kukuuliza kwa nini kunde. Ulijibu kama mtu anayetaja saa: "Kwa sababu kila msimu mama anapanda, na kila msimu zinageuka manjano." Basi. Profesa aliyetusimamia alitaka kurasa nyingi za utangulizi, lakini kwangu sababu yote ilikuwa hapo.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kuwatazama vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaojibandika chini ya majani. Mdudu anafyonza mmea mgonjwa, anaruka, anafyonza mmea mzima, na tayari ameshaacha virusi. Ukimpulizia dawa anakufa, lakini umechelewa. Majani yanaingia madoa, yanajikunja, maganda yanatoka matupu. Ulitaka kunde yenye kinga yake yenyewe, iliyozaliwa nayo. Ukakusanya mbegu za kienyeji kutoka kwa akina mama wa huku, ukaongeza zile za mwitu zinazoota karibu na bwawa, ukazichavusha kwa mkono, ua moja moja. Wenzako huzipa mimea yao nambari. Wewe ulizipa majina. Malkia, ndefu, yenye majani mapana, ndiyo iliyokuwa roho yako. Na ile fupi iliyojikunyata, yenye damu ya mwitu, ukaiita Mkaidi, ukasema utaitupa ukipata nafasi.

Halafu figo zikaanza kukuangusha. Ulikuwa unatoka hospitali kusafishwa damu, mkono una bandeji, na badala ya kwenda kulala unapitia kwenye nyumba ya neti, ile tunamojaribia mimea, kuangalia kama Malkia ametoa maua. Nilikukaripia. Ukasema, "Kendi, huku ndiko napumzika."

Mara ya mwisho tulipoongea ukiwa na nguvu, hukutaja kifo. Ulisema tu, "Usiache mbegu zangu zizeeke kwa friji." Nikasema sawa. Mtu husema sawa. Sikujua nimekubali nini.

Baada ya mazishi nyumba ya neti ilipewa mwanafunzi mwingine. Sikumlaumu, naye ana kazi yake. Nilienda kwa Profesa kuuliza kuhusu mbegu zako. Akasema, "Wawira alikuwa na dalili nzuri, lakini dalili si jibu. Ndani ya neti mmea unaweza kuponea kwa bahati tu. Haujaonja shamba." Nilikasirika, Wawira. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Na shamba la kituo lilikuwa limejaa. Kwa hiyo nikaja kwa mama yako.

Nilimweleza polepole. Kwamba katikati ya kunde zako nitapanda mistari ya kunde dhaifu, zile zinazougua haraka, ili vidukari wazaliane humo na wapeleke virusi kila upande. Zako zikisimama, zitakuwa zimesimama kwa kweli. Alinisikiliza akichambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Yaani unataka kuleta ugonjwa kwa shamba yangu."

"Mama, ugonjwa uko hapa tayari. Mimi nataka tu ufike kwa kila mmea."

"Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya msichana wangu? Kupanda vitu viugue?"

Nilisema, "Alikuwa anatafuta ile haitaugua." Alimaliza maharagwe, akaingia ndani, nikadhani nimefukuzwa. Asubuhi aliniamsha. Alikuwa ameshika jembe, na alikuwa ameshaongea na majirani kuhusu huo ugonjwa. Alinipeleka kwenye kipande cha chini, chenye udongo mzuri kuliko vyote alivyo navyo. Akaniita "mwari", binti, vile alivyokuwa akikuita wewe. Nikalima nikiwa nimeinama ili asione uso wangu.

Mvua ilikuja vizuri. Vidukari wakaja pia, weusi tititi, mpaka mashina yakawa kama yamepakwa masizi. Mistari dhaifu ikageuka manjano haraka. Mimi nilikuwa nikishuka kutoka Timau, kwenye baridi na viazi vyangu, kuja kwenye joto hili, na kila nikifika naanza na Malkia. Mara ya kwanza, safi. Mara ya pili, safi. Mara ya tatu nilikuta jani moja lina doa.

Niliketi pale pale kwenye mtaro. Sitakudanganya. Malkia wako aliugua, Wawira. Aliugua taratibu, lakini aliugua wote, mstari mzima. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, kwa sababu kaburini kulikuwa na watu. Mama yako alikuja akasimama karibu yangu. Hakunibembeleza. Alisema, "Na hizo zingine umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia.

Mkaidi ilikuwa mwisho kabisa, karibu na uzio. Nilifunua jani la kwanza nikaona vidukari wamejaa chini yake. Nikasema moyoni, hii nayo imekwisha. Kisha nikaligeuza juu. Kijani. Nikageuza la pili, la tatu, nikatembea mstari wote kwa magoti. Wadudu wapo, wanafyonza, wananenepa, na jani ni kijani safi kama la mchicha uliotoka kuoshwa. Wawira, nilipiga kelele. Mama yako alidhani nimeumwa na nyoka. Nikamwonyesha wale wadudu nikicheka na machozi bado yako shavuni, naye akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Lakini wewe unaelewa. Mdudu anapewa chakula, virusi vinakataliwa. Hiyo ndiyo kinga uliyokuwa unaitafuta.

Nilipeleka majani maabara. Hakuna virusi. Profesa akasoma matokeo, akasema, "Rudia." Nikarudia msimu uliofuata, kipande kile kile. Mkaidi ikasimama tena. Safari hii Profesa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akasema niyaingize kama sura kwenye tasnifu yangu. Nikamwambia hapana, tasnifu yangu ni ya viazi. Hii ni kazi ya Wawira, na makala itatoka jina lake likiwa la kwanza. Nilitegemea mabishano. Alisema, "Hata mimi nilitaka kusikia ukisema hivyo." Wiki iliyopita ilikubaliwa kuchapishwa. Nimeisoma kwa sauti kaburini kwako, hata sehemu ya marejeo. Mbuzi wa jirani walisikiliza vizuri.

Sasa habari ya mwisho. Jana mama yako alipika Mkaidi kwa mara ya kwanza. Majani yake ni matamu, hakuna aliyelalamika. Lakini mbegu! Aliziweka jikoni tangu asubuhi. Akaongeza maji, akaongeza kuni, akaja kunitazama mlangoni mikono kiunoni. "Mwari, hii kunde yenu haiugui, ni sawa. Lakini pia haiivi. Mtamaliza miti yote ya Mbeere." Na akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu uondoke, na nilitamani ungekuwa hapa uitukane Mkaidi pamoja nasi.

Kwa hiyo kazi haijaisha. Amenichagulia kunde yake ya kienyeji inayoiva upesi, nami nitaichanganya na Mkaidi, kizazi baada ya kizazi, mpaka nipate moja inayokataa virusi na isiyomaliza kuni. Nakuahidi hilo, dadangu. Na siku itakapopatikana, si mimi wala Profesa tutakaosema iko tayari. Atakayesema ni mama yako, akiwa ameshika mwiko.

Namwona mama yako anapanda mteremko na mtungi. Acha nikampokee.

Kwaheri, Wawira.

Kendi wako